Somo la Saba: Kupinga Uamuzi wa Uhamiaji Mahakamani

Utangulizi

Kata ya Bangwe iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji. Ng'ambo ya maji ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Upande wa kaskazini, kwa boti au kwa gari kupitia Manyovu, ni Burundi. Watu wa mwambao huu wameoana, wamefanya biashara ya dagaa na mawese, na wamezikana pande zote za ziwa tangu kabla ya mipaka ya wakoloni kuchorwa. Kwa sababu hiyo, swali "wewe ni raia wa wapi?" huulizwa hapa mara nyingi kuliko katika mikoa ya ndani, na jibu lake huwa na uzito mkubwa.

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini kijitabu cha kumlinda mtumiaji wa huduma kizungumzie uhamiaji. Sababu ni kwamba huduma nyingi za leo zimefungwa kwenye utambulisho. Kuanzia tarehe 20 Januari 2020, laini za simu ambazo hazikuwa zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa zilianza kuzimwa. Asiye na namba hiyo hawezi kusajili laini kwa jina lake, na asiye na laini hawezi kupokea malipo ya samaki kwa simu. Katika mikoa ya mpakani, maombi ya kitambulisho huhakikiwa na maofisa wa Uhamiaji. Hivyo neno moja la ofisa, likiandikwa katika fomu, laweza kumtoa mtu katika soko, benki na sanduku la kura kwa wakati mmoja.

Baada ya kusoma somo hili utaweza kutambua aina ya uamuzi uliofanyiwa, kuchagua njia sahihi ya kuupinga, kuhesabu muda unaoruhusiwa na kuandaa nyaraka zinazohitajika. Somo hili halichukui nafasi ya wakili. Linakusaidia kumfikia wakili mapema, ukiwa na maswali sahihi mkononi.

1. Tambua kwanza uamuzi uliofanyiwa

Watu wengi husema "Uhamiaji wamenikatalia" bila kufafanua ni nini kilichokataliwa. Kila uamuzi una njia yake, na anayeshika njia isiyo yake hupoteza muda ambao hautarudi. Maamuzi ya kawaida ni haya:

(a) Kukataliwa pasipoti, au pasipoti kushikiliwa kwa madai kwamba uraia wako una shaka.

(b) Kuelezwa kwamba wewe si raia wakati wa uhakiki wa kitambulisho cha taifa.

(c) Ombi la uraia wa tajnisi kukataliwa.

(d) Kibali cha ukaazi kukataliwa au kufutwa. Kibali cha kazi ni jambo jingine: tangu sheria ya kuratibu ajira za wageni ya mwaka 2015, hutolewa na Kamishna wa Kazi, na malalamiko yake hufuata sheria hiyo.

(e) Kutangazwa mhamiaji aliyepigwa marufuku, au kutolewa hati ya kufukuzwa nchini.

(f) Kushtakiwa mahakamani kwa kosa la kuwapo nchini kinyume cha sheria.

Mtu anayeomba hifadhi ya ukimbizi, kama walivyo wengi katika kambi ya Nyarugusu, yuko chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Njia zake ni tofauti, nasi hatuzijadili hapa.

2. Dai uamuzi kwa maandishi, na sababu zake

Neno la mdomo ni gumu kulipinga. Jaji hawezi kutengua uamuzi asiouona. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ni kuandika barua kwa Ofisa Uhamiaji wa Mkoa, ukieleza kwa heshima ni lini ulifika, ulihudumiwa kwa jambo gani, uliambiwa nini, na kwamba unaomba uamuzi huo kwa maandishi pamoja na sababu zake. Peleka nakala mbili: moja ibaki ofisini, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa nawe uondoke nayo. Nakala yenye mhuri ni ushahidi kwamba uliomba, hata kama hutajibiwa. Ofisi ikikaa kimya, ukimya huo nao unaweza kulalamikiwa mahakamani, kwa kuwa mtumishi wa umma aliyepewa wajibu na sheria hana ruhusa ya kuukalia.

Ibara ya 13(6) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu pale haki na wajibu wake unapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, pamoja na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Ibara hiyo inasema kila mtu, haisemi raia peke yake. Mfanyabiashara kutoka Kalemia aliyefutiwa kibali chake ana haki ya kusikilizwa sawa na mzaliwa wa Bangwe.

3. Ngazi zilizo kabla ya mahakama

Mahakama hupenda kuona kwamba mlalamikaji alijaribu kwanza njia zilizowekwa ndani ya Serikali. Lalamiko dhidi ya uamuzi wa ofisa wa mkoa hupelekwa kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji, na kutoka hapo kwa Waziri mwenye dhamana ya mambo ya ndani. Barua zote ziwe za maandishi, zenye tarehe, na zitumwe kwa njia inayoacha stakabadhi.

Hapa pana tahadhari mbili. Ya kwanza ni ya muda. Wako watu waliomwandikia Waziri, wakasubiri jibu kwa mwaka mzima, kisha wakaambiwa mahakamani kwamba wamechelewa. Andika kwa Waziri, lakini weka kikomo chako mwenyewe: usipopata jibu mapema, muone wakili wakati ungali na miezi kadhaa ya akiba.

Ya pili inahusu maneno "uamuzi wa Waziri utakuwa wa mwisho." Wengi wakiyasoma hukata tamaa. Kwa kawaida maneno hayo humaanisha kwamba hakuna rufaa ya kuchunguza upya hoja zote za shauri. Hayaondoi mamlaka ya Mahakama Kuu kuangalia kama Waziri alifuata sheria alipoamua. Hata hivyo, Sheria ya Uraia, Sura ya 357, ina kifungu kikali zaidi kuhusu maombi ya uraia: inasema Waziri halazimiki kutoa sababu, na kwamba uamuzi wake juu ya maombi hayo hautakatiwa rufaa wala kupitiwa na mahakama yoyote. Mwombaji wa tajnisi aliyekataliwa ajue kwamba mlango wake ni mwembamba. Lakini mtu anayesema "mimi ni raia wa kuzaliwa" hakuomba kupewa uraia. Anadai alicho nacho tayari. Tofauti hiyo ni kubwa, na wakili wako aieleze katika aya za mwanzo za maombi.

4. Milango minne ya mahakamani

Mlango wa kwanza: mapitio ya mahakama. Hii ndiyo njia kuu ya kupinga uamuzi wa kiutawala. Mahakama Kuu inaweza kutengua uamuzi, kuizuia ofisi isitende jambo, au kuilazimisha itimize wajibu wake. Kigoma sasa ina masjala yake ya Mahakama Kuu; zamani mashauri ya ngazi hiyo yalifuatwa Tabora.

Njia hii ina hatua mbili, na kanuni zake zilitolewa mwaka 2014. Katika hatua ya kwanza unaomba ruhusa ya mahakama. Maombi ya ruhusa yanatakiwa kufunguliwa ndani ya miezi sita tangu siku ya uamuzi unaolalamikiwa. Zingatia maneno hayo: huanza kuhesabiwa tangu siku ya uamuzi, wala si tangu siku uliyopata nauli. Unawasilisha maelezo yanayotaja wewe ni nani, unaomba nini na kwa sababu zipi, pamoja na kiapo kinachothibitisha ukweli wa mambo. Jaji huangalia kama una maslahi katika jambo hilo, kama umekuja ndani ya muda, kama pana hoja inayostahili kusikilizwa, na kama hakuna njia nyingine nzuri uliyoiruka. Ruhusa ikitolewa, hatua ya pili ni kufungua maombi yenyewe ndani ya siku 14. Wapo waliopata ruhusa wakashangilia, wakasahau siku hizo 14, na shauri likafa.

Katika mapitio, jaji haulizi kama yeye angeamua vingine. Huuliza maswali machache: Je, ofisa alikuwa na mamlaka hayo? Je, alimsikiliza mhusika? Je, alifuata utaratibu? Je, alizingatia mambo yaliyopasa na kuyaacha yasiyohusika? Je, uamuzi ni wa busara kiasi kwamba mtu mwenye akili timamu angeweza kuufikia? Kwa hiyo mshindi wa mapitio kwa kawaida hatoki mahakamani na pasipoti mkononi. Hutoka na amri kwamba uamuzi wa awali umetenguliwa na kwamba ofisi ianze upya kwa kufuata sheria. Ushindi huo ni wa kweli, ila una kazi iliyosalia.

Jambo jingine: kufungua maombi hakusimamishi utekelezaji wa uamuzi. Kama kuna hatari ya kuondolewa nchini, omba zuio la muda kwa maneno ya wazi na ueleze madhara yatakayotokea. Mtu akishavushwa ziwa, shauri lake huwa gumu mara kumi.

Mlango wa pili: rufaa ya jinai. Huu ni wa mtu aliyeshtakiwa na kutiwa hatiani katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na hati ya rufaa yenye sababu huwasilishwa Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Muda uliotumika kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hauhesabiwi, kwa hiyo omba nakala hizo kwa barua siku ile ile ya hukumu. Mfungwa aliye katika Gereza la Bangwe, au gereza jingine lolote, hahitaji kutoka nje ili akate rufaa: anaweza kuikabidhi kwa mkuu wa gereza, naye huipeleka mahakamani. Ukishindwa Mahakama Kuu, taarifa ya kwenda Mahakama ya Rufani hutolewa ndani ya siku 30.

Hapa ndipo watu wengi huumia. Mtuhumiwa aliyechoka kukaa mahabusu huambiwa na wenzake, "kubali kosa, ulipe faini, uondoke." Akikubali, amekiri mahakamani kwamba yeye si raia. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai haimruhusu aliyekiri kosa kukata rufaa dhidi ya kutiwa hatiani; anaweza tu kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu. Mahakama hulegeza kanuni hiyo pale ukiri ulipokuwa na utata, au mtuhumiwa hakuelewa shtaka, lakini kulithibitisha hilo baadaye ni kazi nzito. Na baada ya faini huweza kufuata hati ya kumwondoa nchini, nayo itajengwa juu ya ukiri wake mwenyewe. Kama wewe ni raia, usikubali kosa ili upumzike. Kama hufahamu vizuri lugha inayotumika, dai mkalimani.

Mlango wa tatu: amri ya kumfikisha mtu mahakamani. Ndugu akikamatwa na kushikiliwa siku nyingi bila shtaka, Mahakama Kuu inaweza kuamuru wanaomshikilia wamlete na waeleze kwa sheria gani wamemzuia. Maombi haya yanaweza kufunguliwa na ndugu au rafiki kwa niaba ya aliye kizuizini. Sheria inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo. Andika tarehe na saa ya kukamatwa, kituo, na jina la ofisa kama unalijua.

Mlango wa nne: kesi ya haki za msingi au ya madai. Aliyevunjiwa haki za Katiba anaweza kwenda Mahakama Kuu chini ya sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi ya mwaka 1994. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, mlalamikaji lazima aonyeshe kwamba yeye mwenyewe ameathirika na kwamba amemaliza njia nyingine zilizopo. Anayetaka fidia, au tamko la mahakama kuhusu hadhi yake, hufungua kesi ya madai dhidi ya Serikali baada ya kutoa notisi ya siku 90, na nakala yake humfikia Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

5. Ushahidi wa uraia katika mkoa wa mpakani

Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari. Uraia nao huhitaji daftari.

Watu hukereka ofisa anapouliza kuhusu babu na bibi, wakidhani ni dharau. Swali hilo lina chimbuko la kisheria. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, aliyezaliwa nchini alikuwa raia kwa sharti kwamba angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa miaka ya 1970, ambaye baba yake alizaliwa kabla ya uhuru, huulizwa habari za kizazi cha juu yake. Sheria ya Uraia ya sasa, ya mwaka 1995, inatambua uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi, wala hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili.

Nyaraka zinazosaidia ni hizi, kwa utaratibu wa uzito wake:

Cheti cha kuzaliwa chako na cha wazazi, kama kipo. Wengi wa waliozaliwa nyumbani vijiji vya mwambao hawakuandikishwa. Usajili uliochelewa unawezekana kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya na RITA.

Kumbukumbu za utotoni: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, kumbukumbu za madrasa, rejista ya shule ya msingi. Karatasi iliyoandikwa ukiwa na umri wa miaka saba ina nguvu kuliko kiapo kilichoandikwa wiki iliyopita, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sababu ya kuitunga.

Nyaraka za wazazi na mababu: stakabadhi za zamani za kodi, kadi za chama, barua za ajira za reli au bandari, hati za kiwanja. Familia nyingi za Ujiji zinazo karatasi hizi ndani ya masanduku. Zitafutwe kabla mchwa hawajatangulia.

Viapo vya wazee wanaokufahamu na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mzee aeleze anachokijua kwa macho yake: nyumba ulimozaliwa, jirani, mkunga, mwaka wa tukio linalokumbukwa. Maneno "ninamfahamu ni raia" peke yake hayasaidii.

Hati ya tajnisi, kwa wale walioipata. Zaidi ya Warundi 162,000 waliokimbilia nchini mwaka 1972, pamoja na watoto wao, walikubaliwa uraia kwa pamoja, na hati zao kuanza kugawiwa mwaka 2014. Aliye nayo aitunze na kuwa na nakala zilizothibitishwa.

Nyaraka hizi zote zinaweza kuwa na tofauti ndogo za majina: Ramadhani na Ramazani, Yusufu na Joseph. Tofauti hizo zieleze mapema kwa kiapo cha kurekebisha majina. Usisubiri upande wa pili uzitumie kudai kwamba hizo ni habari za watu wawili.

6. Mafunzo kutoka Arusha

Mwaka 2018, tarehe 22 Machi, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao Arusha ilitoa hukumu katika shauri la Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Tanzania. Mlalamikaji alikuwa na pasipoti ya Tanzania, ikashikiliwa kwa madai ya shaka juu ya uraia wake. Mwaka 2014 alifukuzwa kwenda Kenya; Kenya nayo ikamkataa, akabaki akiishi kwenye ukanda wa katikati ya mpaka, Sirari. Mahakama iliona kwamba alinyang'anywa uraia kiholela na kufukuzwa bila kupewa nafasi ya kusikilizwa na mahakama.

Mambo mawili ya hukumu hiyo yanamfaa msomaji wa Bangwe. Kwanza, mahakama ilisema kwamba pale Serikali inapopinga uraia wa mtu mwenye nyaraka zilizotolewa na Serikali yenyewe, jukumu la kuthibitisha kinyume ni la Serikali. Hoja hii inaweza kutajwa mbele ya jaji wa Kigoma, ingawa katika mashauri ya kawaida ya uhamiaji mzigo wa kuonyesha uhalali wako huwekwa begani kwako. Pili, iliona pengo katika Sheria ya Uraia na kuiagiza Tanzania irekebishe sheria ili anayebishaniwa uraia apate njia ya mahakama.

Hata hivyo, usipange safari ya kufungua shauri jipya katika mahakama hiyo. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki huko moja kwa moja, na uamuzi huo ulianza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020.

Mlango wa Arusha uliobaki wazi kwa mtu binafsi ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mkazi wa nchi mwanachama anaweza kupinga kitendo cha nchi mwanachama kinachovunja Mkataba wa Jumuiya, bila kulazimika kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Muda wake ni mfupi mno: miezi miwili tangu kitendo kufanyika au kufahamika. Mwaka 2013 mahakama hiyo ilimpa ushindi wakili wa Kenya, Samuel Mukira Mohochi, aliyezuiwa kuingia Uganda katika uwanja wa Entebbe na kurudishwa bila kupewa sababu. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya, na Kongo ilijiunga rasmi mwaka 2022. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kigoma aliyerudishwa Bujumbura au Uvira naye anaweza kuifikiria njia hii.

7. Mfano wa kufanyia mazoezi

Tuchukue mvuvi wa kubuni, mkazi wa Bangwe, mwenye umri wa miaka 40. Mama yake alizaliwa Ujiji, baba yake alivuka ziwa akiwa kijana. Tarehe 10 Februari anapewa barua kwamba ombi lake la kitambulisho limesimamishwa kwa kuwa yeye si raia. Hakuitwa kuhojiwa, wala wazee wake hawakuulizwa.

Wiki ya kwanza anatafuta nakala ya rejista ya shule yake na cheti cha ubatizo cha mama. Tarehe 20 Februari anawasilisha lalamiko kwa Kamishna Jenerali kupitia ofisi ya mkoa, na kubaki na nakala yenye mhuri. Mwisho wa Aprili bado hakuna jibu. Mwezi Mei anamuona mtoa msaada wa kisheria. Mwanzoni mwa Juni maombi ya ruhusa yanafunguliwa Mahakama Kuu, wakati kikomo chake ni tarehe 10 Agosti. Hoja yake kuu si kwamba ofisa alimchukia, bali kwamba uamuzi ulifanywa bila yeye kusikilizwa na bila uzazi wa mama yake kuzingatiwa. Hoja ya namna hiyo jaji anaweza kuipima. Lawama dhidi ya tabia ya ofisa, bila ushahidi, humchosha jaji na haimsaidii mvuvi.

Laiti angesubiri jibu hadi Septemba, hoja ile ile, yenye nguvu ile ile, ingekuwa imefungiwa nje.

8. Gharama, msaada na matapeli

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawawezesha wasio na uwezo kupata huduma bila malipo kutoka kwa watoa huduma waliosajiliwa, wakiwamo wasaidizi wa kisheria walio katika kata. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya Manispaa. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko dhidi ya watumishi wa umma, ila kumbuka kwamba lalamiko lililoko Tume halisimamishi saa ya mahakama.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu kisheria. Soma kila kiapo kabla ya kukitia saini, na ukiona jambo usilolisema, likatwe.

Kabla ya kulipa fedha yoyote, zingatia haya. Ada za Serikali na za Mahakama hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, hazipokelewi mkononi. Anayejiita wakili, jina lake lihakikiwe katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania. Kishoka anayeahidi "kukutengenezea" cheti cha kuzaliwa anakuuzia kosa la jinai: cheti cha kughushi kikigunduliwa, huharibu hata nyaraka zako zilizo halali. Ukiombwa rushwa, piga simu TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo.

Muhtasari wa muda

Taarifa ya kusudio la rufaa ya jinai: siku 10.
Hati ya rufaa ya jinai kwenda Mahakama Kuu: siku 45.
Taarifa ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani: siku 30.
Maombi ya ruhusa ya mapitio: miezi 6 tangu uamuzi.
Maombi yenyewe baada ya ruhusa: siku 14.
Notisi kwa Serikali kabla ya kesi ya madai: siku 90.
Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki: miezi 2.

Maswali ya kujipima

1. Jirani yako amepewa barua ya kufutiwa kibali cha ukaazi, yenye tarehe 1 Machi. Aliipokea tarehe 1 Aprili. Siku salama ya kuanzia kuhesabu miezi sita ni ipi?
2. Kaka yako yuko mahabusu na anashauriwa akubali kosa ili alipe faini. Yeye ni mzaliwa wa Bangwe. Utamweleza nini?
3. Mahakama Kuu ikitengua uamuzi wa kukunyima pasipoti, je, siku hiyo hiyo utapewa pasipoti?

Majibu

1. Tarehe 1 Machi, siku ya uamuzi.
2. Kwamba kukiri ni kukubali mahakamani kuwa si raia, na kwamba baada ya kukiri hawezi kwa kawaida kukata rufaa isipokuwa kuhusu adhabu. Aombe dhamana na wakili.
3. Hapana. Ofisi itapaswa kuamua upya kwa kufuata sheria. Fika na nyaraka zako zote, na safari hii omba uamuzi kwa maandishi tangu siku ya kwanza.